Kumwombea Mwenye Koti

Katika darasa la jioni la ushonaji, hakuna aliyekata nguo kabla Shangazi hajamaliza kuomba. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Mkasi mkubwa ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa unaanzia mezani kwake.

Kazi zote za darasa zilishonwa kwa nguo za mitumba, na Shangazi aliamini kwamba kila nguo ya mtumba ina mtu aliyetangulia kuingia ndani yake. Mtu huyo alitoka jasho humo, akacheka humo, akanuna humo, kisha nguo ikaenda zake bila kumuaga. Kuipiga mkasi kimya kimya, kana kwamba haikuwa na mwenyewe, aliona si adabu. Kwa hiyo aliitandaza mezani, akaisoma, akafumba macho.

Kusoma nguo ndiko kulikokuwa fahari yake. Maisha yake yote ya kazi alifua nguo za wageni wa hoteli, na alikuwa na hakika kwamba hakuna anachofichwa na kola. Aligeuza shati, akapitisha kidole mahali palipochakaa, akanusa kwapani bila haya, kisha akatoa taarifa.

"Huyu ni mwalimu. Tazameni chaki hii kwenye pindo la mkono."

"Si inaweza kuwa unga?" aliuliza Kinyozi, ambaye alijiunga na darasa ili ajishonee mashuka ya kuwafunika wateja wake. "Labda ni mwokaji."

"Mwokaji hachakai kiwiko," alisema Shangazi, na mjadala ukafungwa.

Mwanzoni mwa muhula alipata koti. Alilichomoa chini kabisa ya lundo la mchuuzi mmoja anayezunguka mitaani akibadilisha vyombo vya plastiki kwa nguo kuukuu. Lilikuwa koti la mwanamume, la kahawia, zito, lenye bitana ya kijivu. Alilileta darasani akiwa amelikumbatia kama mgonjwa.

"Seremala," alisema baada ya kulisoma. "Mfuko wa kushoto umelegea kwa nyundo, kwa hiyo anatumia mkono wa kushoto. Mtu wa safari nyingi. Mpole. Nyumbani hana raha."

"Hilo la nyumbani umelionea wapi?" aliuliza Muuguzi, mama mstaafu aliyekaa meza ya pili.

Shangazi aliinua mkono wa koti wote waone kiwiko. Palikuwa na kiraka. Mshonaji alikusudia kiwe cha duara, kikaishia kuwa kama kiazi. Uzi ulianza mweusi, ukamaliza wa bluu, na mafundo yote yalikuwa nje.

"Mwanamke aliyeshona hiki," alisema Shangazi, "ama anamchukia mumewe, ama anaichukia sindano. Na huyu maskini akalivaa hivyo hivyo."

Darasa zima likasikitika. Shangazi akafumba macho.

"Ee Mola, mbariki seremala huyu popote alipo. Mpe kazi, mpe afya, mpe koti lingine. Na mkewe umlainishie mkono. Umpe subira, umpe na sindano nyembamba. Umtafutie mtu wa kumfundisha, maana hali ni mbaya."

"Amina," walisema wote. Kinyozi alikuwa ameshaushika mkasi.

Shangazi alichana bitana, akatupia kopo lake la vifungo kila kilichodondoka humo, kisha akalikata koti vipande vya mraba vya blanketi la viraka. Kila kipindi alipoongeza kipande kingine alimwombea tena seremala na mkewe, mpaka wenzake wakazoea kumuulizia mlangoni.

"Shangazi, seremala hajambo?"

"Tunamwombea."

Blanketi hilo lilikuwa kazi yake ya mtihani. Jumamosi ya mwisho wa muhula angekuja Mkaguzi kutoka ofisi ya elimu ya watu wazima, na kila mwanafunzi angemwekea mezani kitu kimoja kilichoshonwa kwa nguo kuukuu. Mkaguzi angegusa kila kipande na kuuliza kilikuwa nini na sasa kimekuwa nini. Atakayejibu vizuri angepewa cheti.

Shangazi aliacha shule kabla shule haijamzoea. Hakuwa na cheti cha kitu chochote. Lakini msumari wa kutundikia alikuwa ameshaupigilia sebuleni, katikati kabisa ya ukuta, na wageni walidhani kuna picha iliyoanguka.

Msumari huo ulikuwa na asili yake. Miaka kadhaa nyuma alikwenda kumtembelea kaka yake, akakuta mke wa kaka ameshona mapazia mapya kwa mkono wake mwenyewe. Wote walikuwa mezani. Shangazi aliyatazama mapazia kwa muda, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Wifi, hili pindo lilikuwa linakwenda wapi?"

Mke wa kaka akaweka kijiko chini. "Wifi, nikikosolewa na wenye vyeti nitasikia. Cha kwako kiko wapi?"

Mtu mmoja akaomba chumvi. Tangu siku hiyo Shangazi hakukanyaga tena pale. Hata kaka alipostaafu kazi yake ya kutunza ghala na wenzake wakamfanyia sherehe, Shangazi alituma salamu. Aliwaombea wote kila asubuhi, ila kwa mke wa kaka alikuwa anapita haraka.

Basi, Jumatatu ya wiki ya mwisho, mlango wa darasa ulifunguliwa na mke wa kaka akaingia na mfuko wa nguo.

"Karibu," alisema Fundi, mwalimu wa darasa, mtu mwembamba ambaye sifa yake kubwa kabisa kwa kazi ya mwanafunzi ilikuwa "haijafumuka".

Mgeni alimwona Shangazi. Shangazi alishamwona.

"Wifi," alisema mmoja.

"Wifi," alisema mwingine.

"Ah, mnafahamiana," alisema Fundi kwa furaha. "Basi mtatumia cherehani moja. Lakini mama, muhula unaisha wiki hii."

"Sitaki muhula. Nataka koti." Wifi alitoa kitambaa kipya cha kahawia na kukiweka mezani. "La mume wangu. Nimemwambia aje hapa Jumamosi alichukue."

"Lete la zamani nipime."

"La zamani lingekuwapo ningekuja kufanya nini?" Wifi akaketi. Alikuwa amechoka, akaeleza kama mtu anayemweleza daktari. "Alipewa na wenzake siku ya kustaafu. Nilikuwa nasafisha nyumba, akapita yule mchuuzi wa vyombo. Nikampa gunia la nguo kuukuu, naye akanipa beseni. Koti likawa humo. Sikuliona."

"Beseni zuri?" aliuliza Muuguzi.

"La bluu. Sasa hasemi na mimi. Nikimuuliza atakula nini, anasema, 'Liulize beseni.' Nikimwambia mvua inakuja, anasema, 'Liambie beseni.' Nimemnunulia koti dukani, akalitundika kwenye beseni."

Kinyozi alikohoa.

"Lilikuwaje hilo koti?" aliuliza Fundi huku akitafuta chaki.

"La kahawia. Zito. Bitana ya kijivu. Mfuko wa kushoto umelegea, maana ndimo anamoweka redio yake ndogo. Na kiwiko nilikitia kiraka mwenyewe."

Kinyozi aliangalia dari kama anayetaka kuinunua. Muuguzi alianza kutunga uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi tayari. Shangazi, ambaye alikuwa amesimama kumpisha mgeni, aliketi tena polepole. Aliketi juu ya blanketi.

Jioni hiyo Fundi alichora kwa kukisia. Wifi alimwonyesha kwa mikono upana wa mabega ya mumewe, na kila alipoonyesha, mabega yaliongezeka. Shangazi hakuinuka mpaka Wifi alipoondoka.

"Shangazi," alinong'ona Muuguzi mlangoni, "seremala hajambo?"

"Nyamaza."

Alfajiri alipiga magoti kama kawaida yake. "Ee Mola," alisema, "makoti ya kahawia ni mengi duniani." Akangoja. Hakuna lililoongezwa juu ya neno hilo. "Na watu wenye redio pia ni wengi." Magoti yalianza kuuma. Akainuka, akachukua kopo la vifungo, akalimwaga kitandani.

Katikati ya vifungo palikuwa na kifuniko kidogo cheusi cha plastiki, kilichodondoka kutoka kwenye bitana siku ile. Alikuwa ameliambia darasa ni sehemu ya kipimo cha seremala. Sasa alikipeleka dirishani. Pembe yake moja ilikuwa imeyeyuka na kujikunja kama ukucha. Pembe hiyo aliiyeyusha yeye mwenyewe kwa pasi, zamani, nyumbani kwa wazazi wao, na kaka yake alimnunia wiki nzima. Kilikuwa kifuniko cha betri cha redio ya kaka.

Alikaa kitandani na kukishika. Kaka yake hakuwa seremala. Hakutumia mkono wa kushoto. Safari zake zilikuwa za kutoka nyumbani kwenda ghalani na kurudi. Katika taarifa yote, kilichokuwa kweli ni kiraka.

Mpango ulimjia kabla hajafunga kopo, na ulikuwa mpango mzuri. Angenyamaza mpaka Jumamosi. Mkaguzi angegusa vipande, cheti kingetoka, kisha angempa Wifi blanketi na maelezo. Kaka angeweza hata kujifunika. Alirudi kupiga magoti ili kuuombea mpango huo, akaanza, "Ee Mola, mbariki mwenye koti," na sala ikakwama hapo hapo, kama cherehani iliyomeza uzi. Alijaribu tena usiku. Ilikwama mahali pale pale.

Jumatano Wifi alitandaza kitambaa chake kipya, chaki imechorwa, akachukua mkasi mkubwa. Kinyozi alimzuia.

"Hatukati kabla Shangazi hajaomba."

"Kitambaa hiki ni kipya," alisema Shangazi haraka. "Hakina mwenyewe wa kumwombea."

"Basi niombee mimi, wifi," alisema mke wa kaka. Hakuwa anatania. "Nimekesha nafikiria mabega."

Shangazi alifumba macho. Darasa likangoja. Alitafuta maneno mapya, hayakuja. Yaliyokuja ni yale ya siku zote, yaliyokuwa yamekaa mdomoni muhula mzima.

"Ee Mola, umlainishie mkono. Umpe subira, umpe na sindano nyembamba. Umtafutie mtu wa kumfundisha..."

Akasikia anachosema. Akafumbua macho. Hakuna aliyesema amina.

"Wifi," alisema, "usikate."

Akainuka, akalivuta blanketi alilolikalia, akalitandaza juu ya kitambaa kipya.

Wifi alilitazama. Alipitisha mkono juu ya vipande vya kahawia, kimoja baada ya kingine, mpaka akafika pembeni kulikokuwa na kipande chenye kiraka kama kiazi. Hapo mkono ukasimama.

"Umemkata mume wangu," alisema, "vipande vya mraba."

"Nilidhani ni seremala."

"Seremala gani?"

"Ni habari ndefu," alisema Kinyozi.

Ilibidi aelezwe, na wakamweleza wote kwa pamoja, nyundo, safari, mkono wa kushoto, na mke asiyejua kushona. Wifi alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo mke mlimwombea muda gani?"

"Muhula mzima," alisema Shangazi.

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Na ninyi mkaitikia?"

Darasa likaangalia viatu vyake. Wifi alifungua mkoba, akatoa karatasi ndogo ya sindano. Zote zilikuwa nyembamba.

"Sindano yangu nene ilivunjika tu yenyewe," alisema. "Nikasema, labda ninunue hizi."

"Tunamshukuru Mungu," alisema Muuguzi.

"Hebu kwanza," alisema Wifi.

Shangazi alikuwa ameshachukua kifumulio. Fundi alimwekea mkono juu ya mkono.

"Ukilifumua huna kazi ya mtihani."

"Nitakuwa na koti."

"Koti lililotoka kwenye koti, Mkaguzi hatalipokea. Namfahamu mama yule. Ngojeni Jumamosi ipite."

"Mume wangu anakuja Jumamosi," alisema Wifi kwa sauti ndogo. "Nimemwahidi. Lakini wifi, msumari wako hata sisi tumeusikia. Chukua cheti. Nitamwambia angoje."

"Atakujibu nini?"

Wote walijua atamjibu nini.

Shangazi aliinamisha kichwa kidogo, midomo ikacheza, kisha akaingiza kifumulio kwenye mshono wa kwanza. Ulikuwa mshono mzuri. Haukutaka kufumuka.

Alhamisi walikutana nyumbani kwa Shangazi. Vipande vilirudi mahali pake, mgongo kwenye mgongo na mkono kwenye mkono, lakini nguo iliyokatwa na kuunganishwa tena hupungua, maana kila mshono unakula pande zote mbili. Walipobandika mgongo kwa pini, ungemtosha mtoto wa shule.

"Tunahitaji vipande vya kuongeza katikati," alisema Shangazi. "Kitambaa kigumu kidogo. Kile chako kipya ni laini mno, kitavutika."

Wifi alitoka. Aliporudi alikuwa amebeba pazia. Shangazi alilijua kabla halijakunjuliwa. Pindo lake lilianzia chini, likapanda, likabadili nia, likashuka.

"Uliniuliza linakwenda wapi," alisema Wifi. "Linakuja hapa."

Shangazi alitaka kusema jambo, akaona bora achukue mkasi. Kisha akaushusha. Akafumba macho juu ya pazia, na safari hii sala ilipita bila kukwama, ingawa haikusikika hata neno moja. Wifi alingoja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Amina. Kata."

Walishona siku hiyo na Ijumaa yote. Shangazi alishika mgongo na kola. Wifi alipewa mikono, kwa sindano nyembamba, na kila alipopotea Shangazi alisema tu "rudi", naye akarudi. Kile kipande chenye kiraka walikubaliana kisiguswe.

Jumamosi meza zilipangwa ukutani. Kinyozi aliweka shuka lake la wateja, Muuguzi akaweka mkoba. Mkaguzi alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alitembea kwa haki, hatua zake kwa wote sawa. Alifika kwa Shangazi.

"Hiki kilikuwa nini?"

"Koti."

"Na hiki?"

"Koti."

"Hiki cha kijivu?"

"Bitana ya koti."

"Na sasa vyote vimekuwa nini?"

"Koti," alisema Shangazi.

Mkaguzi alivaa miwani. "Lile lile?"

"Lile lile, mama."

Mkaguzi aligusa ukanda uliopita katikati ya mgongo. "Hiki je?"

"Hilo lilikuwa pazia."

"Limekuwa?"

"Koti."

"Hapo umefaulu," alisema Mkaguzi. "Ni nani aliyeshona pazia hili mwanzo?"

"Mimi," alisema Wifi kutoka nyuma.

"Wewe umejiandikisha?"

"Hapana."

Mkaguzi alifikiri kwa uaminifu kabisa. Aliinama, akavuta mishono, akaigeuza nje ndani. Mwisho akasema kazi ni safi kuliko zote alizoziona siku hiyo, ila masharti ni masharti, na mwanafunzi arudie muhula. Akahamia meza ya Kinyozi, ambaye alipata cheti kwa shuka lenye tundu la kichwa.

Shangazi aliendelea kusimama nyuma ya meza yake, mikono kaifungamanisha mbele. Alikuwa bado amesimama hivyo kaka yake alipoingia. Alikuwa mfupi kuliko seremala. Redio yake ilikuwa mkononi, imezungushiwa lastiki ili betri zisitoke.

"Mdogo wangu," alisema.

"Kaka."

Hawakuwa wameonana kwa miaka, kwa hiyo waliliangalia koti. Kaka alilichukua, akalivaa. Mkono wa kulia ulikuwa mfupi kidogo kuliko wa kushoto, na mgongoni palikuwa na njia ya pazia lenye maua. Alikunja kiwiko, akakigusa kiraka. Akatumbukiza redio kwenye mfuko wa kushoto. Ikaingia.

"Na hiki," alisema Shangazi, akampa kifuniko.

Kaka alikitazama, akaitazama pembe iliyoyeyuka, akamtazama dada yake. "Ulikuwa hujaniomba msamaha kwa hili," alisema.

"Naomba sasa."

"Haya." Alitoa lastiki, akabandika kifuniko. Kililia tik. Akamgeukia mkewe, na darasa zima, ambalo halikuwa na kazi nyingine ya kufanya, likasikiliza.

"Mama," alimwambia, "nyumbani leo kuna chakula gani?"

Wifi alikunja taratibu kitambaa chake kipya ambacho hakikukatwa. Akakitia kwenye mfuko aliokuja nao. Akatundika mkoba begani.

"Liulize beseni," alisema.

Kaka alisimama na koti lake. "Liko wapi?" aliuliza hatimaye, kwa unyonge.

"Liko jikoni. Twende. Wifi, na wewe beba mkasi wako, tunakula pamoja."

Muhula mpya ulipofunguliwa, Fundi aliandikisha watu wawili kwa cherehani moja. Sebuleni kwa Shangazi msumari bado ulikuwa mtupu, ila siku hizi alitundika hapo futi yake ya kupimia, ili usikae bure. Jioni ya kwanza Wifi aliweka mezani gauni la mtumba la rangi ya udongo. Shangazi akalivuta kwake, akageuza kola, akapitisha kidole kwenye kifungo cha juu.

"Huyu," alisema, "ni mjane. Anaishi karibu na reli. Ana..."

"Wifi," alisema Wifi, "omba tu. Kusoma uache."

Shangazi alifunga mdomo. Akaweka mikono juu ya gauni, akafumba macho, akamwombea yeyote yule.